Je, Dawa Niliyoinunua ni Yangu?



Swali nililoliweka juu ya makala haya laweza kuonekana la kitoto. Mtu akitoa shilingi zake dukani, akapewa tyubu ya dawa ya kupaka, nani tena wa kumwambia aitumieje? Akitaka ataimaliza, akitaka ataiacha dirishani, akitaka atampa jirani. Nami nilifikiri hivyo kwa miaka mingi. Nimebadili mawazo, na aliyenibadili kwanza si kitabu, ila kidole gumba cha mguu wangu wa kulia.

Sisi wa Ijumbi twayajua maradhi ya fangasi, ingawa kwa aibu hatuyataji mbele za watu. Mvua zetu ni nyingi, kibanja hakikauki, na mtu huvaa mabuti ya mpira tangu alfajiri mpaka anaporudi nyumbani. Ndani ya buti mna joto na jasho, na hapo ndipo fangasi wanapopenda kukaa: katikati ya vidole, kisha chini ya kucha. Akina mama ambao mikono yao hushinda majini huyapata kwenye kucha za vidole vya mikono. Watoto huyapata kichwani, tukayaita mapunye, au shavuni na shingoni kama duara lenye ukingo, tukaliita choa. Aghalabu hayaui. Kwa hiyo hakuna anayekodi pikipiki usiku kumkimbiza mtu hospitali kwa sababu ya choa. Twajikuna, twavumilia, twanunua kitu dukani.

Miaka michache iliyopita vidole vyangu vilianza kuwasha hata nikawa nakosa usingizi. Nikaenda kwenye duka moja la dawa, nikaeleza shida yangu bila hata kuvua kiatu. Yule kijana naye hakutaka kuona. Akanipa tyubu. Nikapaka usiku ule, na kesho yake tena, na siku ya tatu muwasho ukawa umekwisha kabisa. Nikaisifu dawa ile kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Siku ya sita nikaacha kupaka, nikaiweka dirishani, nusu yake ikiwa bado imo.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alikuwa na binti wa darasa la pili mwenye choa shavuni. Akaja jioni, akasalimu, akazunguka zunguka na habari za kahawa, mwisho akauliza, "Mwalimu, ile dawa yako imebaki?" Nikampa yote. Na kusema kweli moyo wangu ulifurahi. Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu. Kaa la moto, chumvi, jembe, hata mkungu wa ndizi siku mgeni anapofika ghafla, huombwa na kutolewa bila hesabu. Kumnyima mtoto dawa iliyokaa bure dirishani kungekuwa uchoyo mtupu.

Wekundu wa choa kile ulififia kwa siku chache. Kisha kikarudi, kipana kuliko kwanza, bila ule ukingo wake wa kawaida, kikashuka mpaka shingoni. Wadogo zake wawili nao wakaanza. Vidole vyangu navyo vikarudia yale yale, na sasa kucha ya kidole gumba ikawa ya njano, nene, ikimeguka kama udongo mkavu. Tukaongozana hospitali. Bwana mganga akamwuliza yule mama, "Mmempaka nini mtoto huyu?" Mimi nilikuwa kwenye benchi hapo hapo. Akajibu, "Dawa ya dukani tu, daktari." Hakunitaja. Alinisitiri kwa heshima, nami nikanyamaza. Nimeukumbuka ukimya wangu ule mara nyingi kuliko nilivyoukumbuka muwasho wenyewe.

Tyubu ile, kama nilivyoelezwa baadaye, ilikuwa ya mchanganyiko: ndani yake mlikuwa na dawa ya kuua fangasi, dawa ya kuua bakteria, na steroidi kali. Kazi ya steroidi ni kutuliza wekundu na muwasho, na huifanya kwa kuulaza ulinzi wa mwili mahali pale. Mgonjwa huona amepona, kumbe fangasi wanaendelea kuenea bila kupingwa. Hata daktari hupata taabu kuutambua ugonjwa, maana sura yake ya kawaida imefutika. (Steroidi za jinsi hiyo hiyo ndizo wengine hujipaka usoni ili wawe weupe. Hayo ni makala mengine, na siku moja nitayaandika hata kama nitachukiwa.)

Watoto wale walipewa dawa ya kufaa, wakaitumia mpaka mwisho, wakapona. Maana yake fangasi wao walikuwa bado wanaisikia dawa. Lakini wapo fangasi ambao hawaisikii tena, na hao ndio walionifanya niulize dawa ni ya nani.

Katika miaka ya 2010 madaktari wa India walianza kuona choa cha namna isiyo ya kawaida. Kilienea kiunoni, mapajani, hata usoni, kikashika nyumba nzima, na dawa iitwayo terbinafini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa tegemeo, haikukiondoa. Mwaka 2020 wataalamu wa Japani waliwapa fangasi hao jina lao, Trichophyton indotineae. Mwezi Mei 2023 Marekani nayo ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza, wote katika jiji la New York. Mmoja alikuwa ameanza kuugua akiwa Bangladesh, lakini mwenzake hakuwa amesafiri kwenda nchi yoyote ya nje. Wataalamu wengi wanapotafuta chanzo cha balaa hili huko India huzinyoshea kidole krimu za mchanganyiko zinazouzwa ovyo madukani bila cheti, za jamii ile ile ya tyubu yangu, na desturi ya kuacha dawa mara muwasho unapotulia.

Jambo lenyewe hutokea hivi. Terbinafini hukizuia kimeng'enya kimoja ambacho fangasi hukihitaji ili kujenga utando wa seli zake. Palipo na fangasi wengi mno, mmoja aweza kutokea mwenye badiliko dogo katika urithi wake, dawa isimshike. Kwa kawaida huyo mmoja hupotea katika wingi wa wenzake. Lakini dawa ikiua wanyonge, kisha ikaachwa kabla kazi haijakwisha, nafasi yote yabaki kwa yule mbishi na watoto wake. Hakuna aliyemfundisha ubishi. Sisi tumemwondolea majirani tu.

Hapo mtu atasema, basi itafutwe dawa nyingine. Laiti ingekuwa rahisi! Fangasi si kama bakteria. Seli zake zinafanana na zetu kwa mambo mengi, hata ni vigumu kupata sumu itakayomdhuru yeye bila kutudhuru sisi. Griseofulvini, ambayo wengi wetu tulipewa kwa mapunye tulipokuwa watoto, iligunduliwa mwaka 1939, ikaanza kutumiwa kwa binadamu mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye zikaja dawa za ukoo wa klotrimazoli, flukonazoli na itrakonazoli. Katika miaka ya 1990 terbinafini ikaenea. Kwa vidonge vya fangasi wa ngozi na kucha, hayo ndiyo makundi makubwa tuliyo nayo, matatu tu. Moja likichakaa yanabaki mawili, na yaliyobaki huenda yakawa ghali zaidi, au yakagombana na dawa nyingine ambazo mgonjwa anatumia.

Sasa nirudi kwenye swali la haki na wajibu. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel huko Stockholm Desemba 1945, alisimulia mfano wa bwana mmoja aliyeumwa koo. Bwana huyo akajinunulia penisilini, akajitibu kwa kipimo kidogo kisichotosha kuua vijidudu. Akamwambukiza mkewe. Mke akapata homa ya mapafu, akapewa penisilini, isifae kitu, akafa. Fleming akauliza ni nani aliyesababisha kifo hicho, na jibu lake lilimwelekea mume, aliyeibadili tabia ya vijidudu kwa uzembe wake.

Mfano huo una nguvu, lakini naona ni mwepesi kuliko maisha yalivyo. Bwana yule anamjua mkewe. Aweza kulia kaburini na kujilaumu. Mimi nikiacha dawa siku ya sita, atakayedhurika huenda ni mtu wa Nshamba, au wa Mwanza ng'ambo ya ziwa, au mtoto ambaye hajazaliwa. Sitamwona, na yeye hatajua kwamba nilikuwapo. Tena kosa langu peke yake ni dogo mno. Tyubu moja haiharibu dawa ya dunia nzima. Basi kila mmoja wetu aweza kusema kwa haki, "Si mimi," na dawa ikafa mikononi mwetu sote.

Wala sisemi habari za mbali. Wenye umri wangu tunaikumbuka klorokwini. Kila nyumba ilikuwa na vidonge vyake vichungu. Mtoto akipata joto alipewa nusu, na vilivyobaki vikawekwa akiba ya homa nyingine. Mwaka 2001 Serikali ililazimika kuiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeishinda. Ikaja SP, nayo haikudumu. Mwaka 2006 ikapokewa na dawa ya mseto. Na mwaka 2024 watafiti walichapisha habari za wagonjwa wa Karagwe, hapa hapa mkoani kwetu Kagera, ambao miilini mwao vimelea vilichelewa kutoweka baada ya kumeza dawa hiyo ya mseto. Dawa bado inaponya, na mtu asiiache kwa kusoma maneno haya. Ila dalili imeonekana, na imeonekana kwetu.

Wako watakaosema kwamba huwezi kuwaongoza watu kwa madhara wasiyoyaona. Nami nawajibu kwa habari ya mgomba. Ulipothibitishwa mnyauko wa migomba mkoani Kagera mwaka 2006, tulijifunza jambo ambalo babu zetu wangelicheka. Mtu aliambiwa ang'oe mgomba wake mwenyewe, katika kibanja alichorithi, autie shimoni. Akaambiwa akate ua dume kwa kijiti chenye panda, wala si kwa panga, na panga lake alipitishe motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Kulikuwa na manung'uniko, kwani kibanja kwa Mhaya ni zaidi ya shamba. Ndimo yalimo makaburi ya wazee wake. Hata hivyo watu walielewa, mmoja baada ya mwingine, kwamba mgomba mgonjwa wa fulani haukuwa wa fulani peke yake. Aliyeficha mgomba mgonjwa alionekana mwenye kosa kwa kijiji kizima, hata kama ndizi zilikuwa zake.

Yawezekanaje basi tuone hivyo kwa panga, tusione hivyo kwa tyubu? Nadhani sababu ni kwamba kwenye mgomba kitu cha kulindwa kilionekana kwa macho, yaani kibanja cha jirani. Kwenye dawa, kinacholindwa hakionekani. Ni ule uwezo wa dawa kumshinda fangasi. Uwezo huo haumo ndani ya tyubu peke yake, maana tyubu ile ile, yenye dawa ile ile, haifai kitu kwa fangasi sugu. Mimi nililipia krimu. Utii wa fangasi kwa krimu hiyo sikuulipia, wala mwenye duka hakuwa na haki ya kuniuzia. Ni kama chemchemi tunayochota sote: ndoo ni yangu, na maji niliyokwisha kuyachota ni yangu, lakini sina ruhusa ya kufulia nguo penye jicho la maji.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi ambalo sikulipata vitabuni. Nililipata kwa yule mama. Nilipomweleza baadaye, kwa aibu, kwamba dawa niliyompa haikufaa, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwalimu, wewe una nafasi ya kusema wiki nne. Mimi nina tyubu moja na watoto wanne." Sikuwa na jibu. Daktari akisema paka wiki mbili hadi nne, na uendelee kidogo baada ya alama kutoweka, asema kweli. Akisema kucha ya mguuni yataka vidonge vya wiki kumi na mbili, na kwamba kucha mpya huchukua mwaka au mwaka na nusu kukua yote, asema kweli vile vile. Lakini ukweli huo una bei. Mtu aliyeuza kahawa yake mbichi ikiwa bado mtini ili alipe ada, utamwambia anunue dawa ya wiki kumi na mbili kwa ajili ya kucha?

Basi je, mama anayegawa tyubu moja kwa watoto wanne anatenda kosa? Nasema la, au kama ni kosa, liko chini kabisa katika orodha. Anatoa alichonacho kwa wote anaowapenda. Kosa ni kubwa zaidi kwangu mimi niliyekuwa na fedha ya kumaliza dawa nikaiacha kwa uvivu, kisha nikaigawa bila kuuliza ni dawa gani. Ni kubwa zaidi tena kwa muuzaji anayejua kwamba mna steroidi ndani, na akanyamaza kwa kuwa mteja arudiye akiisifu dawa ni mteja mwema. Na kubwa kupita hayo ni kwa wale wanaotengeneza michanganyiko hiyo wakijua vema itakavyotumika vijijini. Lawama hupanda pamoja na maarifa. Lakini sharti niseme na upande wa pili: maarifa yakishafika kwa mtu, hata akiwa maskini, hawezi kuyarudisha. Tangu siku niliyomweleza, yule mama na mimi tumo katika hesabu moja, na sina hakika kama nilimtendea wema au nilimtwika mzigo.

Sipendi kuwaacha wasomaji na maneno matupu, kwa hiyo niseme machache niliyoambiwa na waganga. Choa kidogo cha mwilini mara nyingi hutibika kwa krimu ya fangasi isiyo na mchanganyiko, au kwa marhamu ya Whitfield, ambayo ni ya kizamani, yanuka, na ni rahisi. Hufanya kazi kwa kubambua ngozi ya juu pamoja na wakazi wake. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka peke yake, kwa sababu fangasi wamo ndani ya unywele. Yataka vidonge vya wiki sita au nane. Si kila kucha nene ni fangasi, na penye darubini yafaa kucha ikwanguliwe ichunguzwe kabla ya kumeza chochote kwa miezi. Doa la ngozi lisilohisi ukiligusa si choa. Liende hospitali, Rubya au Ndolage au popote palipo karibu, maana huenda ni ukoma, nao una dawa. Mabuti yaanikwe, miguu ikaushwe katikati ya vidole. Mashine ya kinyozi ipanguswe dawa kati ya kichwa na kichwa, na mzazi asione haya kudai hivyo.

Nikiri pia kwamba ushauri huu una ugumu wake katika ujirani. Mwezi uliopita yule mama alikuja tena. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na duara mbili mgongoni, na alijua kwamba nina dawa, kwa sababu mwaka huu natibu kucha yangu kwa utaratibu, nikiweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Safari hii nilimwambia hapana. Katika miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kumwambia jirani hapana kwa kitu kilichoonekana mezani. Alitazama kalenda, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaondoka.

Asubuhi yake nilimfuata nyumbani, tukaenda na mtoto zahanati kwa miguu, matope yakiwa mengi. Njiani hatukuzungumza sana. Dawa aliyoandikiwa haikuwapo pale, ikabidi tuinunue, na tuligawana bei, ingawa yeye hakutaka. Wakati wa kurudi aliniuliza kama wiki nne zinahesabiwa tangu leo au tangu Jumapili. Nikamwambia tangu leo. Akamhamishia mtoto mgongoni upande wa pili, akaanza kuhesabu kwa vidole ni siku ya soko ipi itakayoangukia mwisho wake.